Kabla hujachagua kamera ya kuzamia, fikiria maji yaliyo kati yako na samaki

Ndugu, umeuliza ununue kamera na lenzi gani kwa safari yako ya kwanza ya kuzamia kwenye bahari ya joto, wiki nzima ya matumbawe, ilhali cheti chako bado kibichi. Umesema pia kwamba picha ulizopiga kwa simu iliyofungwa kwenye kasha la kuzuia maji zilitoka buluu tupu. Naanza na hilo la buluu, kwa sababu ndilo litakaloamua ununue nini.

Simu yako haina kosa. Maji ndiyo yanayokula rangi. Nyekundu huondoka mapema, ukifika mita 5 imeshafifia sana, kisha inafuata ya chungwa, kisha njano, hadi unabaki na kijani na buluu. Siku moja nilijikwaruza kidole nikiwa chini kiasi cha mita 20, na damu iliyotoka ilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea. Nikaielekezea tochi, ikawa nyekundu papo hapo. Na ujue kina si hesabu yote. Mwanga wa jua ukishamfikia samaki, bado una safari ya kuja hadi kwenye lenzi yako. Samaki aliye mita 10 chini, nawe uko mita 3 kutoka kwake, rangi zake zimepita kwenye mita 13 za maji.

Kwa hiyo kazi yako ni moja: punguza maji kati ya lenzi na unachopiga. Msogelee. Ukidhani umefika, sogea tena, taratibu, bila kumkimbiza. Kuvuta kwa zumu hakusaidii, kwani samaki anakuwa mkubwa kwenye fremu lakini maji yote bado yapo katikati, pamoja na uchafu wake. Mwenye kamera ndogo aliye nusu mita kutoka kwa kasa atatoka na picha nzuri kuliko mwenye kamera kubwa aliye mita 4.

Hapo ndipo lenzi pana inapopata maana: inakuruhusu uwe karibu sana na kitu kikubwa na bado kiingie chote. Kasha lenye kioo bapa linakunyang'anya upana, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa, na vitu vinaonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Kioo cha kuba kinarudisha upana huo. Kwa kamera ndogo kuna lenzi pana za kufunga mbele ya kasha ukiwa majini. Ukishazama, ilegeze kidogo utoe hewa iliyonaswa katikati, la sivyo kila picha itakuwa na mstari wa kiputo.

Kwa pesa zako, ningenunua kamera ndogo yenye kupiga RAW (faili ghafi ambalo rangi zake unaweza kuzirekebisha baadaye) na kukuruhusu kupanga mwenyewe, kasha lake lililotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, flashi moja ya nje na lenzi pana ya kufunga. Kuwa makini na maneno "haiingii maji". Olympus TG-6, kwa mfano, yenyewe inavumilia mita 15, na mzamiaji wa kawaida anapita hapo bila kutambua, kwa hiyo bado inahitaji kasha.

Flashi usiiache. Longley, mwanabiolojia, na Martin, mpiga picha wa National Geographic, walipopiga picha za kwanza za rangi chini ya maji mwaka 1926, walilipua unga wa magnesi juu ya chombo kilichoelea ili mwanga ufike chini. Leo tunabeba jua letu mkononi, lakini linafika mita moja, moja na nusu hivi, basi. Vidoadoa vyeupe vinavyoharibu picha nyingi ni chembe za majini zilizomulikwa zikiwa mbele ya lenzi. Nyoosha mkono wa flashi utoke pembeni, iwe nyuma kidogo ya kioo cha kasha, uigeuze nje kiasi kwamba ukingo wa mwanga wake ndio unaomgusa samaki. Ukikosa flashi, kichujio chekundu kinasaidia kati ya mita 5 na 15 hivi, jua likiwa mgongoni mwako. Usikitumie pamoja na flashi, picha zitawaka wekundu.

Sasa jambo linaloniuma. Kama huwezi kutulia mita 5 chini kwa dakika 3 bila kupiga mikono, kamera ibaki kwenye boti siku mbili za kwanza. Nasema hivi kwa sababu mimi niliingia nayo mapema. Nilikuwa nimeinama kwenye samaki mkunga aliyechungulia shimoni, macho yote kwenye kioo cha kamera, pezi langu likagonga nyuma. Nilisikia mlio mdogo, nikageuka, tawi la tumbawe lenye urefu wa kiganja limelala mchangani. Matumbawe mengi hukua sentimita chache kwa mwaka, na mengine hata hiyo moja hayafiki. Picha ya mkunga ninayo, na sijawahi kumwonyesha mtu. Safari hiyohiyo niliangalia kipimo cha hewa nikakuta bar 40, yaani hewa inakaribia kwisha, nikiwa mita 18. Kamera inameza akili. Jiwekee desturi: kila baada ya picha tatu, kipimo, kina, mwenzako.

Kuhusu oringi, ule mpira wa duara unaoziba kasha, tenga muda jioni, usifanye asubuhi boti inakungoja. Tandika taulo safi, mulika taa kutoka ubavuni ili vumbi lionekane. Utoe mpira kwa vidole au pembe ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa chuma. Upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi inahisi chembe ya mchanga ambayo jicho limeikosa. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pamba usitumie. Grisi ni ya kuufanya uteleze tu, haizibi kitu, kinachoziba ni mgandamizo. Paka hadi mpira ung'ae basi, ukizidisha inakuwa gundi ya mchanga. Tumia ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa kasha lako, kuna mipira inayovimba kwa grisi isiyo yake.

Kamera yangu ya kwanza iliuawa na unywele mmoja uliokwama kwenye oringi. Nilikuwa mita 3 tu, nikaona viputo vyembamba vikipanda mfululizo kutoka kwenye bawaba. Kasha huvuja kwa urahisi kwenye maji ya kina kifupi, kwa kuwa shinikizo bado halijaubana mfuniko. Ikikutokea, elekeza lenzi chini maji yakusanyike kwenye kioo, panda kwa kasi yako ya kawaida, na ukifika juu toa betri. Usikimbilie juu kwa ajili ya kamera. Tangu hapo nafunga kasha na pampu ya kunyonya hewa, na kabla ya kushuka nalitazama kwa nusu saa kama hewa inarudi ndani.

Usiruke majini ukiwa na kamera, omba upewe ukiwa umeshaingia. Kwenye pipa la kusuuzia la boti ichovye na uitoe, isigongane na za wenzako. Ukifika ulikolala iloweke ikiwa bado ndani ya kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa moja ukibonyeza kila kitufe, chumvi ikikauka ndani kitufe kinaganda. Kasha lifunge kwenye chumba kikavu, weka ndani kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, kioo hakitapata ukungu.

Kwa ndege, betri za lithiamu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, ncha zimefunikwa, na kasha lisafiri bila kuzibwa, la sivyo shinikizo la ndege litakupa shida kulifungua. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, ngoja angalau saa 18 kabla ya kuruka. Siku hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitumia kuloweka vifaa, kukausha kivulini na kunakili picha sehemu mbili.