Stenti kichwani: uliza kwanza kama mshipa ulipasuka

Mkuu, pole kwa kuuguza mama. Umeuliza mfanyeje ili mishipa isimkaze na kiharusi kisimpate, baada ya kuwekewa stenti, yaani kibomba cha wavu, kwenye mshipa wa kichwani uliotuna. Mimi si daktari. Nimemuuguza mke wangu kwa tatizo hilohilo.

Uliza kwanza: mshipa ulipasuka, au uliwahiwa kabla haujapasuka? Mishipa hukaza, yaani hujibana, kwa sababu ya damu iliyomwagika kuzunguka ubongo, na hatari huanza kama siku ya 3 au ya 4 hadi wiki mbili hivi. Wa mke wangu ulipasuka. Akapewa nimodipini, dawa ya kupunguza madhara ya mishipa kukaza, kila baada ya saa 4, kwa siku 21. Tuliruhusiwa zikiwa zimebaki siku 5, nikawa natega kengele saa sita na saa kumi usiku. Shemeji yangu akasema mwache mgonjwa alale. Nilimwamsha. Dawa ile hushusha presha, kwa hiyo alikaa kwanza kitandani ndipo asimame.

Kama wa mama haukupasuka, hofu ya kukaza ni ndogo. Cha kuogopa ni bonge la damu, maana stenti ni wavu wa chuma na damu huweza kugandia hapo. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya vidonge vya aspirini na klopidogreli. Muda wa kuzimeza anaupanga daktari aliyeiweka, si mwingine. Sisi tuliponea chupuchupu: mke wangu alikwenda kung'oa jino, akaambiwa aache vidonge wiki nzima. Nikampigia daktari wetu, akaja juu! Jino liling'olewa dawa zikiendelea. Aling'ata pamba muda mrefu kidogo, basi. Safari nyingine duka la dawa likampa omeprazoli ya kiungulia, ambayo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Ikabadilishwa. Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, nayo msimpe mama bila kuuliza.

Presha mpimeni nyumbani, muandike daftarini. Sigara, hata ya mara moja moja, hapana.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, msimkande wala msingoje kupambazuke. Tazameni saa ilipoanza, mkimbizeni hospitali yenye mashine ya CT, ya kupiga picha ya ubongo, mseme ana stenti na anameza nini. Maumivu makali ya kichwa ya ghafla ni vilevile. Karatasi ya dawa za mke wangu iko kwenye pochi yake hadi leo, na picha yake ninayo kwenye simu.