Radi isiyofuata mdundo katika After Effects

Umeeleza kwamba radi uliyoitengeneza katika After Effects, programu ya kutengeneza michoro inayosogea kwenye video, hutetemeka katika kila fremu badala ya kupiga pamoja na ngoma, na kwamba nguzo zinazoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa hazisogei upande wa kulia.

Inaelekea umeunganisha kipimo cha sauti moja kwa moja na kigezo kinachobadilisha njia ya radi, na kigezo hicho kikiguswa hata kidogo, umbo lote hubadilika. Kiache kitulie, ukibadilishe kwa mkono katika mapigo makubwa tu, kisha uelekeze sauti kwenye ung'avu wa radi. Andaa nakala ya wimbo iliyochujwa ibaki besi iliyo chini ya takriban Hz 150, uigeuze kuwa thamani katika mstari wa muda huku wimbo kamili ukiwa umenyamazishwa, la sivyo programu itapima zote mbili. Halafu tumia fomula ya linear, inayohamisha thamani kutoka kipimo kimoja hadi kingine, kuzipanga thamani hizo kati ya 0 na 100. Kutafuta kiwango cha sauti ambacho radi ianze kung'aa huhitaji subira zaidi kuliko ufundi.

Nguzo ni jambo jepesi: zile za kulia huonyesha masafa ya juu, ambayo huwa na nguvu ndogo katika muziki mwingi, kwa hiyo kikomo cha juu cha masafa ya nguzo kikiwa Hz 20,000, kishushe hadi karibu 4,000.