Matundu mawili ya meno ya paka, na usiku niliosubiri kukuche

Paka wangu anaitwa Chausiku. Nimemlea tangu anatosha kiganjani, na hajawahi kunitolea hata kucha. Jioni ile nilikuwa uani kwetu Tanga napara vibua. Likaruka dume la mtaani kutoka ukutani, wakashikana, nami nikaingiza mkono kuwaachanisha. Chausiku akafunga meno kwenye shina la kidole gumba changu cha kulia, akaachia papo hapo na kukimbilia uvunguni. Nilipoutazama mkono niliona matundu mawili, kila moja kama limetobolewa na sindano ya cherehani. Damu ilitoka matone matatu, ikakata. Nikamwagia maji kidogo, nikapangusa kwa kanga, nikarudi kwenye samaki wangu.

Naandika haya kwa sababu najua wengi tungefanya hivyo hivyo. Tunapima jeraha kwa damu. Ikimwagika sana tunakimbia, ikitoka matone mawili tunasema ni kidogo. Kwa meno ya paka kipimo hicho kinadanganya kabisa.

Mbwa aking'ata hurarua, jeraha likabaki wazi, maji na sabuni vikaingia. Jino la paka ni jembamba na refu. Linazama kama sindano, linapeleka bakteria wa mdomoni hadi kwenye kano, kwenye kiungo, wakati mwingine hadi kwenye mfupa, kisha ngozi ya juu inajifunga. Bakteria mmoja anayetajwa sana ni pasteurela, na paka wengi walio wazima kabisa wanaishi naye mdomoni bila kuugua. Madaktari hukadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya majeraha ya meno ya paka huingia maambukizi, na mara nyingi dalili huanza kabla ya saa 24 kwisha. Mkono ndio mahali pabaya zaidi, kwa kuwa kano na viungo viko karibu sana na ngozi.

Saa tatu usiku kidole kilianza kupwita. Saa tano kikawa kinapwita kwa mpigo wa moyo, nikahesabu mapigo nikiwa nimelala. Nilimpigia mama. Akaniambia, "Mwanangu, huyo ni paka wa nyumbani, kandia maji ya chumvi ulale." Nikalala, au nilijaribu. Alfajiri nilishindwa kushika kikombe. Niliweka mikono yote miwili mezani, nikalinganisha: kushoto vifundo vya vidole vinaonekana, kulia vimepotea, ngozi imetanuka inang'aa, na pete yangu imezama kwenye nyama.

Nawasisitizia ulinganishaji huo. Maelezo mengi ya afya hutuambia tuangalie wekundu, na kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa mkono mzima juu ya ule uliong'atwa: una joto zaidi? Ngozi imekaza? Je, unaweza kukunja kila kidole na kukinyoosha bila kuruka kwa maumivu? Chukua kalamu ya wino, zungushia mahali uvimbe unapoishia, andika na saa. Uvimbe ukivuka mstari, usingoje kukuche kama nilivyongoja mimi. Kwapa nalo lipapase. Mtoki ukitokea, ujue maambukizi yameanza kupanda.

Hospitalini muuguzi aliikata pete kwa mkasi maalumu. Ilikuwa ya ndoa, nikalia. Ukishang'atwa mkononi, hata kama huoni uvimbe wowote, vua pete na bangili dakika hiyo hiyo, wakati bado zinatoka.

Daktari alinieleza kwamba ningefika jioni ile ile, huenda ningerudi nyumbani na vidonge vya siku chache tu. Badala yake nililazwa siku mbili, dawa ikipita kwenye mshipa, na walifungua tundu moja kutoa usaha. Dawa ya vidonge inayotumika sana kwa kazi hii ni amoksilini iliyochanganywa na klavulaniti. Tafadhali usipite duka la dawa ukachukua chochote kilichobaki rafu ya juu, maana erithromaisini na sefaleksini, ambazo wengi tunazo kabatini, hazimwezi vizuri pasteurela. Unaweza kumeza siku tatu ukidhani umejitibu huku mkono unaharibika ndani.

Basi lini uende? Msimamo wangu sasa ni huu: jino likitoboa ngozi ya mkono, kifundo cha mkono, mguu karibu na kiungo, uso au shingo, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri dalili. Mwenye kisukari, anayeishi na VVU, mgonjwa wa ini, anayetibiwa saratani, aliyeondolewa bandama, mjamzito, mtoto mdogo na mzee waende hata kama tundu ni moja na liko mahali penye nyama. Homa, kutetemeka, usaha, harufu, ganzi, au kidole kisichokunjika ni dharura, hata iwe usiku wa manane. Pale ambapo meno yamegusa tu, ngozi haikutoboka wala kuchubuka, nawa kwa sabuni na uendelee na shughuli zako.

Watoto waulizwe kwa upole. Mtoto akijua atagombezwa kwa kumvuta paka mkia, atalificha tundu chini ya mkono wa shati mpaka livimbe.

Nimesema habari ya bakteria kwanza kwa kuwa ndiyo iliyonipata. Lakini swali la kwanza la daktari lilikuwa jingine: paka amechanjwa? Nilikaa kimya. Chanjo ya Chausiku ilikuwa imepitwa na wakati.

Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa hauchagui mbwa peke yake. Mbwa ndiye anayeambukiza binadamu karibu mara zote, ila paka aliyeng'atwa na mnyama mgonjwa anaupata na kuupitisha. Paka wetu hawafungiwi ndani. Wanalala dari za majirani na kupigana na wasiojulikana. Virusi hivyo husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, wiki kadhaa au miezi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo baada ya kung'atwa ikiwahi hukinga kweli kweli. Ndiyo maana sitamshauri mtu hata mmoja asubiri aone.

La kwanza ni sabuni. Maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Dakika 15 ni ndefu, tazama saa. Kama bomba limekatika, mtu akumiminie kwa kata huku unasugua. Mimi niliosha kwa sekunde chache, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pete. Usipake mafuta ya taa, kahawa, mafuta ya breki, unga wala majani yaliyotafunwa. Usilifunge kwa plasta ya kubana, na usishangae daktari asipolishona, kwani tundu la meno ya paka kwa kawaida huachwa wazi.

Kisha chanjo. Mimi nilichomwa siku ile, halafu siku ya tatu na ya saba, na ya nne ikapangwa siku ya 14. Kwa jeraha lililopenya ngozi kuna pia kinga nyingine, imunoglobulini, inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha. Siku ile haikuwepo. Isipokuwepo, usikubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu, chanjo ianze bila kuisubiri. Na kwa kuwa si kila zahanati ina chanjo, piga simu kwanza, nauli isiishie njiani. Mjamzito na anayenyonyesha wanachanjwa bila tatizo. Uliza pia sindano ya pepopunda. Akina mama, beba kadi ya kliniki, inaonyesha ulichomwa lini mara ya mwisho.

Kama paka anajulikana, msimuue wala msimfukuze, maana mnafukuza jibu. Anatakiwa kuonekana kwa siku kumi. Mnyama aliyekwisha kuwa na virusi kwenye mate atadhihirika mgonjwa au kufa ndani ya muda huo. Tazama kama anadondosha udenda, sauti imebadilika, anayumba, anajificha gizani, au mpole ghafla kawa mkali. Paka wa mtaani aliyekung'ata akapotea, mhesabu kama mgonjwa na umalize chanjo zote. Ukimkuta amekufa, usimguse kwa mikono mitupu, muite ofisa mifugo.

Chausiku nilimfungia kwenye chumba cha stoo chenye dirisha la wavu. Jirani yangu alikuwa akimpelekea maji na dagaa nilipokuwa wodini. Niliporudi nikawa naandika kila siku kwenye karatasi ya ukutani: amekula, amekunywa, amelia kawaida. Siku ya kumi asubuhi alikuja mlangoni akajisugua kwenye goti langu. Nikamjulisha daktari, akapitia maelezo yote, akasema sindano ya nne haihitajiki tena.

Kesho yake nilimtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunga kifuniko kwa kamba, nikampeleka kwa daktari wa mifugo kuchanjwa. Kikapu nilikishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado haujashika vizuri.