Torenti iliyokwama asilimia 97, na lawama ya kuitwa "licha"

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika kisiwa cha Ukerewe. Nimekuwa nikipakua kwa njia ya torenti, yaani kupokea vipande vya faili kutoka kompyuta za watu wengine, mkusanyiko wa video za masomo ya fizikia wenye leseni huria, ukubwa wake GB 14, ili niuweke kwenye kompyuta za shule ambazo hazina intaneti. Leo ni siku ya tisa umegoma kwenye asilimia 97.3. Programu inaonyesha sida 0 (2), wenza 6 (11), upatikanaji 0.973 na uwiano 0.08. Nilipouliza kwenye kundi la walimu tunaobadilishana mafaili hayo, msimamizi alinijibu kwamba mimi ni licha, kwamba mkusanyiko wa kwanza, ule wa kemia, nilikula nikakimbia, na kwamba sistahili kusaidiwa. Ni kweli ule wa kemia niliuondoa kwenye programu mara tu ulipokamilika, kwa kuwa bando lilikuwa linakwisha. Naomba kueleweshwa maana ya maneno haya, na kosa langu ni lipi.

JIBU: Mwalimu, nianze na maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi wenu imo humo.

Watu wote ambao kwa wakati fulani wamefungua torenti ileile na kompyuta zao zinabadilishana vipande huitwa kwa pamoja bumba, kama bumba la nyuki. Kila mmoja wao ni mwenza. Mwenza mwenye faili zima, ambaye sasa kazi yake ni kutoa tu, huitwa sida, yaani mpanzi, na kitendo chake ni kusidi. Yule ambaye bado hajakamilisha huitwa licha, neno lililotokana na Kiingereza "leech", yaani ruba, mnyonya damu wa majini ambaye watu wa kandokando ya ziwa hawahitaji kuelezwa habari zake. Hapo ndipo utata unapoanzia, kwa kuwa neno hilo lina matumizi mawili. Katika dirisha la programu, licha ni hali tu: kila anayepakua ni licha hadi asilimia 100, hata kama amekwisha kuwagawia wenzake mara mbili ya alichopokea. Katika midomo ya watu, licha ni tabia: ni mtu anayechukua na kujizuia kutoa. Msimamizi wenu amelitumia katika maana ya pili dhidi ya mtu ambaye, kwa faili hili la fizikia, ni licha kwa maana ya kwanza tu.

Nambari zako nazo zinasomeka hivi. Katika programu nyingi, nambari iliyo nje ya mabano ni ya wale uliounganishwa nao, na iliyo ndani ya mabano ni ya wale wanaojulikana kuwamo katika bumba. Kwa hiyo "sida 0 (2)" maana yake ni kwamba wapo wawili walioorodheshwa kuwa na nakala kamili, lakini wewe hujaunganishwa na hata mmoja. Orodha hiyo hutunzwa na traka, seva ambayo haina faili lolote bali inajua nani yumo na anwani yake ni ipi, na wakati mwingine hubaki na majina ya watu waliokwisha kuzima kompyuta zao. Uwiano ni ulichotoa ukigawanya kwa ulichopokea: 0.08 ya GB 13.6 ni kama GB 1.1 ulizowapa wenzako.

Nambari yenye uzito kuliko zote ni ile ya upatikanaji, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Torenti hukatwa vipande vya ukubwa sawa, na kila kipande kina heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ndani ya faili dogo la torenti. Programu yako hukihakiki kila kipande kinapoingia, na kama baiti moja imekosewa hukitupa na kukiomba upya. Tuchukulie kwamba vipande vyenu ni vya MiB 4 (karibu sawa na MB 4), ukubwa wa kawaida kwa mkusanyiko kama huo, basi vitakuwa takriban 3,584. Nambari 0.973 inasema kwamba wewe na wenza wako sita, mkichanga kila mlicho nacho, hamfikishi nakala moja kamili: vipande kama 97 havipo kwa yeyote kati yenu. Waulize wenzako hao, na nina hakika kila mmoja atakuambia amekwama palepale ulipokwama wewe. Tatizo lako, kwa hiyo, halihusiani na kasi, bando wala adhabu ya mtu yeyote, kwa maana wenye vipande hivyo 97 wameondoka au hawafikiki.

Sasa nije kwenye adabu. Mfumo huu uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001 una kanuni ya kulipana iliyojengwa ndani yake: kila baada ya sekunde 10 hivi, programu huwatazama wenza na kuwafungulia wachache wanaoipa zaidi, na kila baada ya sekunde 30 humfungulia mmoja kwa bahati nasibu ili mgeni asiye na kitu apate pa kuanzia. Mkono mtupu haulambwi, ila mara moja moja hupewa nafasi. Kanuni hiyo inatosha kabisa wakati watu wanapakua. Haifanyi kazi hata kidogo baada ya mtu kukamilisha, kwa sababu aliyefika asilimia 100 hana tena anachokihitaji kwa mwenziwe, na kuanzia hapo hakuna kinachomzuia kuondoka isipokuwa hiari yake. Kwa sababu hiyo adabu yote ya torenti imejengwa juu ya saa zile za baada ya kukamilisha, na kuondoka mara moja ndiko watu wanakoita kula na kukimbia.

Je, ulikosea kwa ule wa kemia? Kwa kipimo kinachotajwa mara nyingi, yaani kubaki hadi uwiano ufike 1.0 ili urudishe ulichochukua, ndiyo. Hata hivyo kipimo hicho kiliwekwa na watu ambao kutoa hakuwagharimu kitu. Mwenye bando la simu hulipia kinachotoka kama anavyolipia kinachoingia, na kumtaka mwalimu wa Ukerewe alipie GB 14 mara mbili ni kumtoza kodi ya umbali. Mimi napima kwa swali jingine: ulipoondoka, je, ulikuwa unaondoka na nakala ya mwisho? Faili lenye sida 300 halitahisi kutokuwapo kwako. Faili lenye sida mmoja au wawili ni jambo jingine, na hapo ningekuomba ubaki hata siku mbili hata kama uwiano wako umepita 1.0, au angalau utangaze kwenye kundi kabla ya kuzima. Zaidi ya wewe, anayebanwa na adabu hii ni yule aliyeweka torenti hapo awali, ambaye hapaswi kuondoka kabla hajaona wenza wengine kadhaa wamefika asilimia 100. Kwa dalili ulizonitajia, naona kosa la fizikia ni lake. (Katika traka za faragha, zenye uanachama, uwiano ni sharti na asiyeutimiza hufukuzwa, lakini hilo wanachama hulikubali kwa kujiandikisha, na kundi lenu si la aina hiyo.)

Kuna jambo la kiufundi ambalo msimamizi wako pengine halijui. Mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo kompyuta yako inaweza kuwaita wengine lakini wengine hawawezi kuiita. Wenza wawili waliokaa hivyo, mmoja Nansio na mwingine Sengerema, mara nyingi hawafikiani hata kama wote wana nia njema na wako mezani kwa saa kumi. Hata sida wako wawili walio ndani ya mabano wanaweza kuwa hai na wasifikike kwa sababu hiyo. Uwiano mdogo wa mtu wa bando, kwa hiyo, si ushahidi wa uchoyo.

Njia ninayowashauri walimu wa visiwani ni kusidi kwa diski. Ukimaliza kupakua, usichague kufuta pamoja na data. Ondoa torenti peke yake, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, nawe ukija mjini umpe mtu mwenye laini ya faiba. Yeye ataifungua torenti ileile, ataielekeza kwenye folda hiyo, na kuiamuru programu ihakiki upya. Itasoma vipande vyote, italinganisha heshi, na baada ya dakika kadhaa atakuwa sida kamili bila kupakua hata MB moja. Sharti ni kwamba usiguse yaliyomo. Ukizibana video upya ili zipungue, au programu ya kuchezea video ikiandika maelezo yake ndani ya faili, heshi hazitalingana na vipande hivyo vitahesabika kuwa havipo. Faili la maelezo lenye majina ya watunzi na leseni nalo usilifute, hata kama linaonekana takataka: leseni nyingi huria hudai mtunzi atajwe, na kumbuka kwamba hata licha husambaza tangu kipande cha kwanza, huku anwani yake ikionekana na bumba zima. Kwa kazi isiyo na ruhusa, huko ndiko kunakoitwa kusambaza, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inahusika.

Unaposidi, weka kikomo cha kupakia, yaani cha kasi ya kutuma. Nasema hivi kwa uzoefu wa aibu: miaka niliyokuwa nikitunza mtandao wa ofisi moja hapa mjini, niliacha torenti ya mfumo wa Linux isidi usiku kucha bila kikomo, nikasahau, na asubuhi hakuna barua pepe iliyofunguka wala simu ya intaneti iliyosikika. Njia ya kutoka ilikuwa nyembamba, nami nilikuwa nimeijaza. Kila ombi dogo la mfanyakazi lilipanga foleni nyuma ya vipande vyangu. Asilimia 70 hadi 80 ya kasi ya kupakia inatosha, na kwenye laini inayotumiwa na wengine nenda chini ya hapo.

Kuhusu vipande vyako 97: vikizidishwa kwa MiB 4 ni MiB 388, si GB 14. Andika kwenye kundi kwa maneno hayohayo, bila kujibu lile la ruba. Sema kwamba upatikanaji ni 0.973, kwamba wote mliomo mmekwama pamoja, na kwamba mnamwomba yeyote aliyewahi kukamilisha fizikia aifungue tena kwa saa moja au mbili usiku, akiwa kwenye laini inayofikika kutoka nje, na ahakiki upya kabla ya kuanza. Mtaje saa, ili nanyi muwe hewani wakati huo. Akiingia, programu zenu zitaomba kwanza vile vilivyo adimu, na yeye hatalazimika kumpa kila mmoja wenu vyote, kwa kuwa mtavipokezana wenyewe kwa wenyewe. Chako kikifika 100, usizime usiku huo. Wenza walio nyuma yako watakuwa bado wanasubiri vipande vilevile.