Skuta ya GY6 iliyochoka inagoma kuwaka asubuhi: pima tapeti kabla ya kununua kabureta

Mkuu, maelezo yako yanajitosheleza, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Una skuta ya Kichina yenye injini ya GY6, cc 150, imeshatembea zaidi ya kilomita 40,000, na uko Kigamboni. Asubuhi stata inazunguka vizuri tu, lakini injini haishiki mpaka upige kiki ishirini au thelathini. Ikishapata moto inatembea, na mchana huwaka bila shida. Ukiiosha au ikinyeshewa, inagoma zaidi. Plagi umebadilisha mara mbili, na sasa fundi anataka ununue kabureta mpya.

Kabureta usinunue bado. Umri wa injini, kugoma asubuhi na stata kuzunguka kwa wepesi, vyote vinaelekeza kwenye tapeti zilizokaza (yaani nafasi ndogo kati ya valvu, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, na roka, mkono unaoisukuma, imekwisha), na hicho ndicho kitu ambacho kwenye GY6 hakiguswi kwa miaka. Kwenye injini nyingi tapeti hulegea na kupiga kelele, kwa hiyo mtu akisikia injini imetulia anadhani mambo ni mazuri. Kwenye injini hizi za bei nafuu mara nyingi huwa kinyume. Valvu na kiti chake hulika, valvu inapanda juu kidogo kidogo kwenye silinda hedi, na ile nafasi kati yake na roka inapungua mpaka inaisha. Nafasi ikiisha, valvu haifungi sawasawa na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inavuja. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, uvujaji huo hauonekani sana kwa sababu muda ni mfupi. Kwenye kasi ndogo ya stata au kiki, hewa inapata muda wa kutosha kutoroka.

Kuna kitu kingine kinachofuatana na hicho. Koki ya mafuta ya skuta yako hufunguka kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, haifunguliwi kwa mkono. Kompresheni ikidhoofika, na mvuto nao unadhoofika, koki inafunguka nusu nusu. Bakuli la kabureta likiwa limepungua mafuta usiku, unapiga kiki nyingi kabla halijajaa. Ndiyo maana fundi anaona plagi kavu na kusema kabureta imekufa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Zima swichi, bonyeza kiki polepole kwa mkono. Injini nzima itakufikisha mahali pagumu, kama umegonga ukuta, kisha ukuta huo utaachia taratibu. Ukiona kiki inashuka mpaka chini kama pampu ya baiskeli iliyochanika mpira, kompresheni haipo. Sikiliza na stata pia: yenye kompresheni nzuri hulia kwa mapigo, yanapanda na kushuka. Ikilia mlio mmoja laini usio na mapigo, usiifurahie.

Ukipata geji ya kompresheni yenye kichwa cha plagi ya milimita 10, funga geji, fungua aksileta hadi mwisho, piga stata mapigo sita au saba. Psi 150 kwenda juu ni injini nzima. 120 bado itawaka, ila kwa kulalamika. Chini ya 100, kiki ishirini ni jambo la kutegemea. Ikiwa chini, dondosha mililita 5 za oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikiruka juu, ringi na silinda zimelika. Isiposogea, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.

Sasa kupima tapeti. Injini lazima iwe imelala usiku kucha, ipoe kabisa; ukipima ya moto umejidanganya. Toa kiti pamoja na ndoo yake ya chini, toa plagi ili injini izunguke kirahisi, kisha fungua kifuniko cha valvu, boliti nne za namba 8. Mpira wa kifuniko utoe taratibu maana ukichanika oili itavuja. Toa na kava la plastiki la feni upande wa kulia. Shika feni kwa mkono, zungusha kuelekea upande wa mishale ya saa, ukiangalia alama ya T kwenye magneti (gurudumu la chuma nyuma ya feni) ikutane na alama iliyopo kwenye bodi ya injini. Hapo angalia gia ya kemu, ile inayozungusha shafti ya kufungua valvu: tundu kubwa liwe limetazama nje, na yale mawili madogo yalingane na ukingo wa hedi. Kama tundu kubwa limetazama ndani, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Hapa wengi wanakosea. T inapita mara mbili, na mara moja tu ndiyo valvu zote mbili zimefunga.

Shika kila roka uitikise. Lazima kuwe na mchezo mdogo sana, unaousikia kwa vidole zaidi ya kuuona. Ikiwa imekaza haitikisiki kabisa, jibu umelipata kabla hata ya fila geji (vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi). Valvu ya kuingiza ni ya upande wa kabureta, weka 0.10 mm. Ya kutoa moshi ni ya chini, weka kati ya 0.12 na 0.15 mm, kwa kuwa inapata joto zaidi. Legeza nati ya kufungia kwa spana namba 9, zungusha skrubu ya juu kwa koleo la mdomo mwembamba, pitisha jani la fila geji. Liwe linapita kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa kati ya kurasa za kitabu kilichofungwa. Kaza nati huku skrubu umeishikilia, halafu pima tena. Usiruke kupima mara ya pili, kwa sababu nati ikikazwa huwa inavuta skrubu na kuharibu kipimo ulichoweka.

Kabla ya kufunga, rudisha plagi, piga kiki tena kwa mkono na usikie tofauti.

Tapeti zikiwa sawa na bado asubuhi ni shida, geukia mafuta. Chomoa mpira mwembamba wa mvuto unaotoka kwenye mguu wa kabureta kwenda kwenye koki, na mpira wa petroli uelekeze kwenye chupa. Vuta hewa kwa mdomo kupitia ule mpira mwembamba. Petroli imwagike kwenye chupa bila kusitasita, na ukiacha kuvuta ikate. Ikitoka matone matone, koki au chujio lake limeziba. Angalia kwanza mpira wa mvuto kabla hujavuta: ukikuta una petroli ndani, usivute, diaframu ya koki (ngozi ya mpira iliyo ndani yake) imechanika na mafuta yanaingia moja kwa moja kwenye injini. Katika hali hiyo nusa kijiti cha oili. Oili inayonuka petroli imwage, weka mpya, takriban mililita 800, na koki ubadilishe kabla hujawasha, la sivyo utaua beringi za injini.

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ifungue asubuhi kabla hujagusa stata, kinga kwa kikombe cha kioo. Bakuli likiwa limejaa, mafuta yapo, tatizo liko mbele. Likiwa tupu, umeshajua kwa nini unapiga kiki nyingi. Ukiona matone ya maji yamekaa chini ya kikombe, au vumbi jekundu la kutu, tangi linahitaji kuoshwa. Dondosha pia tone la hayo mafuta kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka na kupotea. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalobaki, na injini inayokunywa mchanganyiko huo haitapenda asubuhi hata uibadilishie kabureta tatu.

Jeti ndogo ya kabureta ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na ikikaa sailensa, yaani ikiunguruma bila kuvuta aksileta. Tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, na uchafu kidogo tu unatosha kuliziba. Ichomoe, iangalie dhidi ya mwanga. Uone duara safi. Safisha kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba na upepo, siyo kwa waya wa chuma, maana ukilikwangua tundu likapanuka basi imekwisha. Skrubu ya mchanganyiko ikaze polepole mpaka ikae huku ukihesabu, kisha irudishe mizunguko miwili. Baada ya hapo pindapinda ule mguu wa mpira unaoshika kabureta na uangalie upande wa chini. Hupasuka huko usikoona, hewa ikaingia, na mchanganyiko unakuwa mwembamba mno kuwaka.

Watu watakuambia ni choki ya umeme, ile inayoongeza petroli injini ikiwa baridi. Inawezekana, lakini kwako siyo ya kwanza kushukiwa. Mtu wa Njombe mwezi wa Julai ana haki ya kuilaumu choki. Kigamboni asubuhi hakuna baridi ya kuifanya injini nzima igome hivyo. Hata choki ikifa itasitasita kidogo na kuwaka. Kuipima ni rahisi: ichomoe kwenye kabureta, iunge kwenye betri ya volti 12 kwa dakika tano. Itapata joto na kile kipini kitasukumwa nje milimita kadhaa. Kisiposogea, nunua nyingine. Kama kipini kilikwama kikiwa kimetoka nje, ndiyo inagoma asubuhi. Kama kilikwama kikiwa ndani, ungeona kinyume, yaani moshi mweusi na shida ikishapata moto, na hiyo siyo hadithi yako.

Tuje kwenye maji, kwa sababu ulisema ikioshwa inagoma zaidi. Huo ni ugonjwa wa pili, utibu peke yake. Kofia ya plagi ya skuta za bei rahisi imefungwa kwenye waya kwa skrubu ya ndani tu, na hewa ya chumvi ya pwani inaila pale. Zungusha kofia uichomoe kwenye waya. Ukikuta ncha ya waya ni ya kijani, kata milimita 5, pata shaba safi, uirudishe kwa kuzungusha. Kofia yenyewe ikipimwa na mita inatoa kama kilo-omu 5. Ikionyesha haina mwisho, itupe. Kisha usiku, mahali penye giza, nyunyizia maji kidogo kwenye koili na waya wake huku mtu akipiga stata. Usiwe na petroli wazi karibu. Moto unaovuja utauona kwa macho, vijinyuzi vya buluu vinavyotambaa kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma.

Ukipima moto wa plagi, ichomoe, ivalishe kofia, bodi yake iguse chuma cha injini, na tundu la plagi uzibe kwa kitambaa. Unataka cheche ya buluu inayolia tap. Ya njano na nyembamba huweza kuonekana nje lakini ikafa ndani ya kompresheni. Usipige stata kofia ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma; umeme usio na njia unaweza kuua CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachoamuru moto wa plagi. Plagi iwe CR7HSA au C7HSA, nafasi ya 0.6 hadi 0.7 mm.

Kama moto haupo kabisa, na CDI yako ni ile inayolishwa na magneti badala ya betri, chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye CDI. Huo ndio waya wa kuzimia. Moto ukirudi, CDI ni nzima. Swichi ya ufunguo au waya huo unagusa bodi mahali fulani. Kujua CDI ni ya aina gani, pima waya mweusi wenye mstari mwekundu wakati stata inazunguka: ukikuta makumi ya volti za AC, ni ya magneti. Kama badala yake kuna waya mweusi wenye volti 12 mara tu unapofungua ufunguo, ni ya betri, na hiyo betri ikichoka moto nao unakufa huku stata bado inazunguka.

Betri ipime ikiwa imelala: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 ichaji. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 10. Weka pia mita, waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya injini, piga stata. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa bodi umeshika kutu. Fungua, piga msasa, paka vaselini, funga.

Anza na tapeti kesho asubuhi kabla ya kuwasha. Andika hapa namba uliyoikuta kwenye kila valvu kabla ya kurekebisha, pamoja na kompresheni kama utapata geji. Endesha kilomita 1,000, pima tena ikiwa baridi. Namba zikibaki palepale, umemaliza. Valvu ya kutoa moshi ikiwa imekaza tena ndani ya kilomita hizo, kiti chake kimekwisha na kurekebisha hakutasaidia. Hedi ishuke, kwa hiyo hela ya kabureta iweke kwa ajili ya hiyo hedi.