Kabla hujapanda Ngong na antena yako

Ndugu wa Umoja, umesema unasikiliza mawasiliano ya ndege kwa kile kidude cha RTL-SDR, kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta; marubani unawapata vizuri lakini mnara wa uwanja wa ndege wa Wilson huusikii kabisa, na sasa unapanga kwenda Ngong au Limuru kutafuta mahali pa juu. Ngoja kidogo kabla hujalipa nauli. Njia hiyo nimeipita.

Mawasiliano ya ndege yako kati ya megahezi 118 na 137, na mawimbi ya huko huenda moja kwa moja, karibu sawa na jicho linavyoona. Rubani aliye mita 9,000 angani anaweza kusikika umbali wa kilomita 390 hivi, ndiyo maana anakufikia hata ukiwa sebuleni. Mwongozaji wa ndege yuko chini, na kati ya Wilson na Umoja kuna jiji zima la maghorofa. Ubaya si wa kidude chako.

Mimi nami niliamini dawa ni mlima. Nikapanda Ngong na laptopu mgongoni, zaidi ya mita 2,400, Nairobi yote iko chini yangu. Nikaweka megahezi 120, nikavaa vipokea sauti: mtangazaji wa FM, anakwaruza. Nikasogea 124: muziki. Stesheni za FM ziko 88 hadi 108, majirani wa ndege kabisa, na vidude hivi havina filta ya maana mlangoni. Ukisimama karibu na milingoti ya FM, kama ile ya Ngong, nguvu yake inakilemea kipokezi hadi kinazua stesheni za uongo kila mahali. Nilipopunguza kiwango cha kukuza mawimbi, mtangazaji alinyamaza, na ndege nazo zikanyamaza. Limuru usiende kwa sababu hiyo hiyo, kuna mitambo mikubwa ya utangazaji kule. Ukilazimika, nunua kwanza filta ya kuzuia FM.

Kilichonifaa ni paa la ghorofa tano South B. Si juu sana, lakini Wilson iko upande wa magharibi, karibu, na JKIA, ule uwanja mkubwa wa ndege, iko mashariki, bila kilima katikati. Hilo ndilo la kutafuta: mahali panapoelekea mnara unaoutaka, huku milingoti ya FM ikiwa mbali. Chagua mnara kwanza, paa baadaye.

Hata juu ya paa lenyewe, usifunge antena pa kwanza unapopaona. Yangu ni nyaya mbili za sentimita 57, moja juu na moja chini, zimesimama wima (ukizilaza unapoteza mawimbi mengi, maana ya ndege yamesimama wima). Niliifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, nikawa napata Wilson kwa kukatika. Kila pampu ya maji ilipowaka, mstari wa kelele ulipanda kwenye skrini na mwongozaji akazama. Niliihamishia kona ya pili, hatua kumi tu kutoka kwenye pampu na zile nyaya za nguo, na sauti ya mwongozaji ikatoka safi, hadi unasikia akivuta pumzi kabla ya kutaja njia ya kurukia. Siku hiyo nilikaa juu hadi giza likaingia. Ndege za kutua JKIA kwa njia ya kurukia namba 06 zinapita juu ya Mbuga ya Nairobi, kwa hiyo unazisikia na kuziona.

Mawasiliano ya polisi usiyatafute, si yetu.

Kwa hapo Umoja, anza na JKIA, iko karibu nawe kuliko Wilson. Muombe msimamizi wa ploti ufunguo wa paa, panda asubuhi na mapema, jaribu kona zote nne, dakika kumi kila moja, ukiandika ulichosikia. Kisha tuwekee matokeo hapa, na useme pampu iko upande gani.