Jibu: Midoli ya betri inamchosha kwa siku mbili, nimnunulie nini?

Salaam dada. Umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 3 anaitupa kila gari ya betri unayomletea kutoka sokoni Mwanga, na umchukulie nini badala yake. Yalinikuta na mwanangu hapa Ujiji.

Angalia kwanza kitu unachomletea: kinacheza chenyewe, au mtoto ndiye anakichezesha? Gari ikishabonyezwa ikaimba, kazi imeisha. Kilichobaki ni kuivunja aone ndani kuna nini. Na akiivunja, ziwahi zile betri za duara kama kifungo. Akimeza zinaunguza koo.

Mimi nilimwendea fundi seremala, akanipa mabaki ya mninga, vipande 20 hivi, akavipiga msasa. Rangi nilikataa. Wiki ya kwanza nikakosea: nikawa namjengea nyumba mimi, yeye ananitazama tu. Nilipoondoka, kile kipande kirefu kikawa Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kanga ya mama yake ndiyo ziwa, vizibo vya soda abiria. Jioni moja nikamkuta anagombana na abiria washuke, meli imejaa!

Ila vizibo mfiche mdogo wake. Chochote kinachopenya kwenye lile boksi la katikati ya toileti pepa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Usimpe vyote kwa pamoja. Nusu weka kwenye ndoo juu ya kabati, ubadilishe kila wiki. Udongo wa mfinyanzi nao unafaa sana, lakini hiyo kanga uiage kabisa.